Consuelo Vanderbilt
Consuelo Vanderbilt (1877–1964), binti wa tajiri wa reli wa Marekani, aliozwa kwa Duke wa Marlborough, kabaila wa Uingereza, mjini New York tarehe 6 Novemba 1895. Mama yake Consuelo, Alva, alitaka cheo. Bwana harusi alikuwa na kasri la Blenheim lakini hakuwa na fedha za kulitunza. Baba yake Consuelo akatoa hisa za reli za dola milioni 2.5: mahari, tuseme, iliyotoka upande tusiouzoea. Consuelo, aliyempenda mwingine, alichelewa kufika kanisani, macho yamevimba kwa kilio chini ya shela. Walizaa wana wawili, wakatengana 1906, wakatalikiana 1921. Mwaka 1926 Kanisa Katoliki liliibatilisha ndoa hiyo, Alva mwenyewe akikiri kumlazimisha bintiye.