Vlaminck, Maurice de (1876–1958)

Mchoraji Mfaransa, mzaliwa wa Paris, aliyejifunza sanaa pasipo kusomeshwa, na jambo hilo akilifanya fahari ya maisha yake. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, naye, kabla ya brashi kumpatia riziki, alijikimu kwa mbio za baiskeli na kwa kupiga fidla. Mwaka 1900, baada ya kukutana na André Derain katika gari la moshi, walishirikiana chumba cha kazi huko Chatou, kando ya mto Seine. Na mwaka uliofuata, maonyesho ya picha za Van Gogh yalipomteka moyo, alizidi kupaka nyekundu, buluu na manjano zikiwa safi, pasipo kuzipoza kwa kuzichanganya, hata yeye na wenziwe, katika maonyesho ya Paris ya 1905, wakalakabiwa wanyama wa mwitu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza rangi zake ziliingia giza: njia tupu za shamba, theluji, mawingu ya tufani; na hizi, japo wahakiki wengi huzishusha daraja, ndizo zibainishazo zaidi dhamiri yake. Safari yake ya Ujerumani ya 1941, hali Ufaransa imo mikononi mwa majeshi ya nchi hiyo, ilimvunjia heshima. Alifariki Rueil-la-Gadelière, alikohamia mwaka 1925.