Homa ya kuku

Tunapochagua kuku wa kufuga nyumbani, jicho hutangulia kupenda. Basi tukumbuke jambo lililowapata watu wa zamani.

Katika miaka ya 1840 kuku wageni kutoka China walifika Uingereza: wakubwa mno, wenye manyoya mpaka vidoleni. Malkia Victoria naye aliwafuga. Mwezi wa Novemba 1849, katika mji wa Boston kule Marekani, watu wapata 10,000 walikwenda kutazama maonyesho ya kuku. Bei ikapanda kupita kiasi. Kisha ikaanguka, na wengi wakapoteza feza zao. Mwaka 1855 George Burnham, aliyekuwa mwuzaji wa kuku hao hao, aliandika kitabu cha kuicheka homa ile.

Je, tudharau kila kuku mwenye sura ngeni? Sivyo. Kuku wa shingo tupu, anayechekwa na watoto, hupoza mwili vema penye joto. Lakini mwenye manyoya miguuni hupata taabu katika matope ya majira ya mvua.

Basi, kabla ya kutoa feza, tuulize: sura hii yamfaa nini kuku mwenyewe hapa kwetu? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.