Jirani Zetu na Hesabu ya Sumukuvu

Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, njiwa walianza kufa kwa wingi. Wakafuata mbwa waliokuwa wakila chakula kimoja na wenye nyumba. Hatimaye wakaugua watu. Wagonjwa 20 walipokelewa hospitalini, macho yamegeuka manjano na miguu imevimba, na 12 kati yao walifariki dunia. Ilibainika kwamba walikuwa wamekula mahindi yaliyoingia kuvu, na kuvu hao wameacha sumu ndani ya punje.

Vifo 12 ni msiba mkubwa. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, hiyo ndiyo hesabu nzima ya madhara ya sumukuvu kwa taifa? Historia ya jirani zetu yatufundisha kwamba sivyo.

Sumu hiyo iligunduliwa baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Wataalamu hawakukawia kuuliza iwapo binadamu naye yu hatarini. Nchini Uganda, katika miaka ya 1966 na 1967, zilikusanywa sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa na wananchi. Karibu tatu katika kila kumi zilikutwa na sumu, na Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi.

Nchini Kenya wataalamu walikwenda mbali zaidi. Katika wilaya ya Murang'a walipima chakula kilichokwisha kupikwa, tayari kuliwa. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 1973, yalionyesha kwamba wakazi wa mabondeni kwenye joto walikula sumu nyingi kuliko wenzao wa milimani kwenye baridi, na saratani ya ini nayo ilifuata mpango huo huo. Wengi wa watu hao hawakupata kuugua ghafla. Walikula sumu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, bila kujua.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa hesabu hii. Anayekufa kwa siku chache huonekana, na jina lake huandikwa. Anayekufa kwa saratani ya ini baada ya miaka 20 hahesabiwi pamoja naye, ingawa yawezekana ghala lililowaua ni moja. Isitoshe, sumu hii ina mshirika. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, kiasi kile kile cha sumu huleta hatari ya saratani ipatayo mara 30 ya ile ya asiye navyo. Kwa hiyo anayetaka kujua mzigo halisi hana budi kupima mambo matatu: sumu iliyomo katika chakula, wingi wa chakula hicho anachokula mtu kila siku, na idadi ya wenye virusi hivyo.

Mwaka 2004 Kenya ilipatwa tena, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua, na 125 wakafa. Wachunguzi walipopima bidhaa za mahindi madukani na sokoni, zaidi ya nusu zilipita kiwango cha maikrogramu 20 kwa kilo kilichoruhusiwa wakati huo. Aidha, waliokuwa wamehifadhi mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani waliugua zaidi.

Sisi nasi hatukusalimika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua na 20 wakafariki. Na mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Malori yaliyokwama mpakani yaliwakumbusha wote kwamba afya na biashara vimo katika gunia moja.

Jambo hili lawahusu askari kwa namna ya pekee. Kambi hula kutoka ghala moja. Likiharibika, kikosi kizima hula sumu. Moto wa jikoni hauiondoi, na unga uliosagwa huificha. Hivyo basi, mahindi na yakaushwe barabara kabla ya kufungwa, magunia yapangwe juu ya chaga mbali na ukuta, punje zilizovunjika au kuoza zichambuliwe, na zilizotupwa asilishwe ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Mpimaji naye asichote gunia moja tu, kwa kuwa sumu haisambai sawasawa katika lundo. Na askari aliye mpakani anapodai cheti cha vipimo, ajue kwamba analinda maisha ya watu asiowaona.

Taifa linalongoja maiti ndipo lianze kuhesabu, limechelewa. Jirani zetu walipima chakula mezani zaidi ya miaka 50 iliyopita, wakaona yale ambayo daftari za hospitali hazikuyaonyesha. Ni wajibu wetu kupima kabla ya kula.