Mji ulioukimbia ufukwe wake

Simama stendi ya Tukuyu siku ya sikukuu, mvua ikinyesha kama kawaida yake, utawaona vijana wamejifunga makoti ya baridi, lakini mifukoni wamebeba kaptula za kuogelea. Wanateremka Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwenda kustarehe mchangani. Mpenzi msomaji, zaidi ya miaka mia moja iliyopita wakubwa wa nchi hii walifanya safari ya kinyume. Walitoka ziwani, wakapanda milimani, na walikuwa wanakimbia.

Wengi tunajua kwamba Wajerumani waliiita Tukuyu Langenburg Mpya. Wachache huuliza ile ya zamani ilikuwa wapi. Ilikuwa ziwani, Lumbila, chini ya milima ile mirefu iliyopewa jina la Livingstone, mtu ambaye mwenyewe hakufika kaskazini ya ziwa. Hermann von Wissmann aliianzisha mwaka 1893, na jina akalitoa kwa mtukufu mmoja wa kwao, mkuu wa chama cha makoloni.

Kwa nini ziwani? Kwa sababu ziwa ndilo lililokuwa barabara. Kutembea kutoka Dar es Salaam kulichukua miezi, na mzigo wote ulikuwa juu ya vichwa vya watu. Kwa maji, mtu aliingia mto Zambezi, akafuata mto Shire, akatokea Nyasa. Meli ya Wissmann ilipita njia hiyo ikiwa vipande vipande, na penye maporomoko wapagazi waliibeba. Tunalikumbuka jina la meli, kwa kuwa ilipewa la Wissmann mwenyewe. Majina ya waliobeba vyuma vyake hatunayo.

Basi mji ukawa na boma, gati na mandhari ambayo leo mtalii hulipia fedha nyingi. Ukawa na homa pia. Mwaka 1893 hakuna daktari aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu; ushahidi ulipatikana India mwaka 1897. Wazungu walilaumu hewa. Karne ya 20 ilipoingia waliuacha ufukwe, wakajenga boma jipya Tukuyu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi, migomba na watu wengi wa kutozwa kodi. Hilo la kodi lisisahauliwe tunapozungumza habari za afya.

Waingereza waliiteka Tukuyu mwishoni mwa Mei 1916, na Langenburg, mpya kwa ya zamani, likabaki jina la kwenye ramani zilizochakaa. Sehemu ya kuta za boma imeendelea kutumika kama ofisi za serikali. Mtu hupanga foleni ya shida zake chini ya ukuta uleule ambao babu yake alijengeshwa.

Wageni wa mjini hupenda kuuliza: hoteli ya kihistoria ya Matema ni ipi? Hapa hakuna jumba la mkoloni la kujivunia, kama New Africa ya Dar es Salaam iliyozaliwa kwa jina la Kaiserhof. Kwa miaka mingi aliyetaka kulala karibu na maji alipokelewa katika nyumba za wageni za Kanisa la Kilutheri, warithi wa misheni ya Berlin iliyofika ukanda huu mwaka 1891. Kitanda, chandarua, chai na mawimbi usiku kucha. Mimi sijaona hoteli ya kunizidishia hapo.

Lakini historia ya ufukwe huu haianzi na Mzungu wala haikuhama naye. Wakisi wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, walikuwepo na homa yao, samaki wao na udongo wao. Wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono, wakavichoma, wakavipakia kwenye mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Jumamosi. Kutoka hapo vyungu hupanda Tukuyu na Mbeya. Maharage ya nyumba nyingi za Rungwe yamechemkia ndani ya udongo wa Ikombe.

Sasa lami imefika Matema, na kila mwenye akiba anatafuta kiwanja chenye mchanga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukitembea ufukweni na hatua zako, hesabu mwenyewe. Safari yangu ya mwisho Lyulilo nilimkuta mama mmoja wa makamo akishusha vyungu, nikamsaidia viwili vitatu. Nikamwuliza kama anafurahia hoteli.

"Nafurahi, mwanangu, wananunua," alisema. "Lakini wakimaliza kuzungushia ua, mtumbwi nitauegesha wapi?"

Kisha akanitajia bei ya chungu, na hakutaka kupunguza.