Homoni huoanisha uzazi wa kondoo, lakini lishe ndiyo msingi

MFUGAJI wa kondoo katika wadi ya Ziwa, eneobunge la Soy, Kaunti ya Uasin Gishu, hufaidika zaidi wanakondoo wakizaliwa nyasi zinapochipuka kwa mvua ndefu, kati ya Machi na Aprili. Kwa kuwa kondoo hubeba mimba kwa takriban siku 147, sharti majike wapandwe kuanzia mwishoni mwa Oktoba, wakati wa mavuno ya mahindi.

Hata hivyo, jike humkubali dume kwa siku moja au mbili tu katika kila mzunguko wa siku 17 hivi, na kila jike ana siku yake. Ndiyo maana wafugaji wengine hutumia homoni ili kundi lote lipandwe pamoja.

Njia inayotumika sana ni sponji yenye homoni ya aina ya projesteroni. Hutiwa ukeni na kuachwa humo kwa siku 12 hadi 14, na katika muda huo huzuia jike kutaka dume. Ikitolewa, jike hudungwa homoni nyingine inayochochea mayai kukomaa. Wengi huwa tayari kupandwa baada ya siku moja hadi tatu. Kipimo cha sindano hiyo kikizidi, jike anaweza kubeba wana watatu au zaidi, nao huzaliwa wadogo na dhaifu.

Njia ya pili ni kudunga prostaglandini mara mbili, kwa muda wa siku 9 hadi 11 kati ya sindano. Dawa hii huharibu mimba, hivyo jike aliyekwisha kupandwa asidungwe. Aidha, hupenya ngozi ya binadamu; wajawazito na wenye pumu hawapaswi kuishika.

Madume nao wahesabiwe. Dume anayetosheleza majike 30 au zaidi katika msimu wa kawaida hulemewa wote wanapomtaka siku moja. Inafaa awe na majike 10 hivi. Mwenye dume mmoja atibu kundi lake kwa mafungu.

Barani Ulaya, kondoo wengi husubiri siku ziwe fupi ndipo wapandwe. Ziwa iko karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, na kondoo waweza kuzaa mwaka mzima. Kizuizi kikubwa huku ni njaa na minyoo. Jike aliyekonda huenda asishike mimba hata akitiwa sponji. Yafaa apewe dawa ya minyoo na malisho bora wiki mbili au tatu kabla ya kupandwa.

Matibabu haya huhitaji mtaalamu wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Mfugaji akishakamilisha lishe, ndipo gharama ya homoni itakapomlipa.