Petroli Kupanda Mlima

Juni 2023 nilikuwa natoka Naivasha kutazama Safari Rally, nikiendesha Subaru Impreza ya kaka yangu. Yeye yuko Qatar, analinda majengo ya watu. Gari aliniachia nilitunze, na mimi nikalitunza kwa kulifungia turbo kubwa zaidi. Pale Kinungi, mlima unapoanza kuchosha malori, nilikanyaga, gari likaruka mbele, kisha likakohoa. Nikaachilia. Nikakanyaga tena.

Uhandisi niliuacha mwaka wa tatu, karo iliponishinda, kwa hivyo nilijua kiasi cha kutosha kujidanganya. Nilidhani ni plagi. Kumbe injini ilikuwa inakufa kiu.

Kiu hiyo ni ya zamani kuliko barabara yenyewe. Ford Model T ilipotoka mwaka wa 1908 haikuwa na pampu ya petroli. Tangi lilikaa chini ya kiti na petroli ilitiririka hadi kwenye kabureta kwa uzito wake tu. Ukipanda mlima mkali na tangi limebaki na kidogo, injini inakuwa juu ya petroli, na gari linazima. Madereva wakagundua dawa: geuza gari, panda kinyumenyume.

Baadaye ikaja pampu ya diaframu, inayosukumwa na kemshafti ya injini yenyewe. Volvo PV544, aina ya gari ambalo Joginder Singh alishinda nalo Safari ya 1965, ilitoka kiwandani na pampu ya namna hiyo. Ni kifaa chepesi, unakifungua kando ya barabara kwa spana. Lakini inavuta petroli kutoka mbali, na inakaa karibu na joto la injini. Petroli ikipata moto ndani ya paipu inageuka mvuke, na pampu hiyo haiwezi kusukuma mvuke. Waingereza nao walikuwa na pampu ya umeme ya SU kwenye Morris Minor, iliyopiga tik-tik-tik kama saa. Pointi zake zikikwama, unaigonga kidogo inaamka. Mzee mmoja fundi aliniambia babake alikuwa na kijiti maalum cha kazi hiyo.

Mambo yalibadilika kabisa injini zilipoanza kupuliziwa petroli kwa nozeli. Mwaka wa 1967 Bosch waliweka mfumo wa kielektroniki kwenye Volkswagen 1600. Kabureta huridhika na presha ya psi 3 hadi 6 hivi. Nozeli zikataka karibu 30. Subaru yetu inataka takriban 43, na turbo ikipuliza psi 15, pampu lazima iongeze 15 hizo juu yake. Hapo ndipo wengi wetu tunapotegwa. Pampu ikisukumana na presha kubwa, lita zake hupungua, wakati uleule injini inapohitaji lita nyingi zaidi. Injini ya turbo yenye nguvu farasi 300 hunywa karibu lita 110 kwa saa ukiikanyaga yote. Pampu ya kiwandani iliyozeeka, kwenye gari lililoingia nchini limetumika tayari, haina pumzi ya mchezo huo.

Basi nikaenda Grogan. Barabara inaitwa Kirinyaga tangu zamani, lakini mwambie makanga "Kirinyaga Road" uone atakavyokuangalia. Ewart Grogan ndiye mlowezi aliyewachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka wa 1907. Leo wajukuu wa waliochapwa wanauza spea kwenye jina lake. Sijui kama huko ni kushinda ama ni kusahau.

Nilinunua Walbro ya lita 255 kwa bei iliyonifurahisha, na hiyo bei ingenishtua. Duka sitalitaja. Mzee fundi aliipima kwa mkono tu, akasema, "Kijana, hii ni nyepesi." Nikambishia. Hakunijibu. Tulilisukuma gari nje kwenye hewa, akachomoa paipu ya kurudisha petroli, akaielekeza kwenye mtungi wenye alama za lita, akaiunganisha pampu na umeme kwa dakika moja. Lita 255 kwa saa ni zaidi ya nne kwa dakika. Mtungi ulipata mbili.

Ile halisi nilinunua mwezi uliofuata. Kuifunga kulichukua mchana mzima, na kazi kubwa haikuwa pampu. Unatoa rilei na kuacha injini izime yenyewe ili presha iishe, unatoa waya hasi ya betri, ndipo unafungua kifuniko juu ya tangi. Chujio jipya, sili mpya. Ile paipu fupi inayozama ndani ya petroli lazima iwe ya kuzama. Ya kawaida hulowa nje na ndani, inavimba, inapasuka. Na waya: ya kiwandani ni nyembamba, volti hupotea njiani, pampu inazunguka pole pole. Mzee alivuta waya nene kutoka kwa betri, na fyuzi na rilei yake.

Lakini injini ilikuwa imeshaumia. Pale Kinungi hewa ilikuwa nyingi, petroli kidogo, joto likapanda, na pistoni ya nne ikavunjika ukingo unaoshikilia ringi. Kuirekebisha kulikula pesa nilizokuwa nimeweka za kurudi chuo.

Siku hizi nikiwasha swichi nasikia pampu ikilia sekunde mbili chini ya zulia la nyuma, kisha kimya. Kaka anarudi Desemba. Ameniuliza mara mbili kwa simu gari linaendeleaje, na mara zote mbili nimemwambia linapanda milima vizuri.