Sproketi ya mbele ya baiskeli: kwa nini meno yake yanaisha, na nini cha kufanya ili idumu

Baiskeli nyingi zinazotembea Unguja leo ni za aina mbili. Ipo ile ya zamani ya chuma, kama Phoenix, yenye sproketi moja mbele na moja nyuma. Na ipo baiskeli ya gia, ambayo wengi huiita "maunteni", yenye sproketi mbili au tatu mbele na sita, saba au zaidi nyuma. Hii ya pili mara nyingi hununuliwa ikiwa imeshatumika, na ndiyo inayoleta maswali mengi: cheni inaruka, gia hazikubali, fundi anasema badilisha vyote.

Makala hii inaeleza kifaa kimoja tu: sproketi ya mbele, yaani lile duara lenye meno lililoshikana na mkono wa pedali. Kwa mvuvi anayewahi mnada wa samaki, mkulima wa mwani au mwanafunzi anayetoka kijijini kwenda skuli, hiki ndicho kifaa kinachopeleka nguvu ya mguu kwenye gurudumu. Kikiharibika, safari imekwisha. Habari njema ni kwamba kinaweza kudumu miaka, endapo cheni itaangaliwa mapema.

Kazi inayofanywa na meno

Chukua baiskeli ya tairi la inchi 26, yenye sproketi ya meno 32 mbele na 16 nyuma. Kila pedali inapozunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili, na baiskeli inakwenda mbele kama mita 4. Ukitembea kilomita 20 kwa siku umezungusha pedali karibu mara 4,800. Maana yake kila jino limeikamata cheni na kuiachia mara 4,800 kwa siku hiyo moja. Ukifanya hivyo siku 6 kwa wiki, kwa mwaka umepita kilomita 6,000.

Meno hayavunjiki kwa kazi hiyo. Yanasagika kidogo kidogo, na kinachoyasaga ni cheni.

Cheni mpya ina pini moja kila baada ya nusu inchi, na meno ya sproketi nayo yamekatwa kwa nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana cheni mpya inakaa vizuri na mzigo unagawanyika kwenye meno mengi. Mchanga na kutu vikiingia ndani ya cheni, pini na matundu yake vinalika. Watu husema "cheni imerefuka". Chuma chenyewe hakijavutika. Nafasi kati ya pini na pini ndiyo imeongezeka. Cheni hiyo haikai tena chini ya bonde la jino. Inapanda juu, inabebwa na meno machache, na inayasaga upande mmoja hadi yalale kama pezi la papa.

Kwa hiyo cheni ikichakaa na ukaiacha, inaharibu sproketi. Na sproketi ikishaharibika, hata cheni mpya ukiifunga haitakaa.

Ndogo inaisha kabla ya kubwa

Baiskeli nyingi za gia zenye sproketi tatu mbele huwa na meno 44, 32 na 22, au namba zinazokaribiana na hizo. Ukikanyaga kwa nguvu ile ile, sproketi ya meno 22 inaivuta cheni kwa nguvu maradufu ya ile ya meno 44, na mvuto huo unabebwa na nusu ya meno. Ndiyo sababu ndogo huchakaa haraka ikitumiwa sana.

Kwa Unguja hili lina maana ya pekee. Kisiwa chetu hakina milima. Hata ukingo wa Masingini, ambao ndio mahali pa juu, haufiki mita 200 kutoka usawa wa bahari. Kipande cha kupanda kama kile cha kwenda Kidichi kinaweza kukutaka ushuke gia, lakini barabara kubwa ya kwenda Paje, ambayo ni kama kilomita 50 kutoka mjini, haihitaji sproketi ndogo kabisa. Mtu mwenye afya na mzigo wa kawaida anaweza kukaa kwenye ya kati siku nzima na kubadilisha gia za nyuma tu.

Iache ndogo kwa mzigo mzito, kwa mchanga mwingi au kwa kupanda. Usiifanye ya kila siku.

Chuma au alumini?

Sproketi za baiskeli za bei nafuu ni za chuma. Za baiskeli ghali mara nyingi ni za alumini, na pengine ya kati au ndogo tu ndiyo ya chuma. Alumini ni nyepesi, lakini ni laini na inalika mapema. Chuma ni kizito na kinashika kutu, lakini meno yake yanastahimili kusagwa kwa muda mrefu zaidi. Kutu ya juu juu unaweza kuifuta. Jino lililolika halirudi.

Kwa mtu wa kijijini anayebeba tenga la samaki, magunia au kuni, sproketi ya chuma ndiyo inayofaa. Wepesi wa alumini una faida kwa wanaoshindana mbio.

Tahadhari moja: bolti ya chuma ikikaa ndani ya alumini, halafu ikaingiwa na maji ya chumvi, vitu viwili hivyo vinashikana hadi haviachani. Ukifunga sproketi, paka grisi kidogo kwenye bolti.

Angalia pia jinsi sproketi zilivyofungwa. Zikiwa zimeshikwa na bolti, unaweza kubadilisha moja iliyoharibika. Zikiwa zimepigwa ribiti, itabidi ununue krenki nzima. Lijue hili kabla hujapatana bei na fundi.

Gia zinavyohama

Ukitazama kwa makini sproketi kubwa au ya kati ya baiskeli ya gia, upande wa ndani utaona vijipini vidogo na vinjia vilivyochongwa. Kazi yake ni kuinyanyua cheni kutoka sproketi ndogo kwenda kubwa. Utaona pia kwamba baadhi ya meno ni mafupi au yamekatwa mshazari. Hayo yametengenezwa hivyo kiwandani ili cheni ipite kwa urahisi. Wapo wanaoyaona wakadhani sproketi imekwisha, kumbe ni mpya. Dalili ya kwisha ni meno yote kulala upande mmoja na mabonde kupanuka.

Ukibadilisha sproketi yenye vijipini ukaweka isiyo navyo, baiskeli itatembea vizuri, lakini gia za mbele zitahama kwa kusuasua. Kama wewe huzihamishi za mbele, hujapoteza kitu.

Namna ya kuhamisha nayo inaongeza au kupunguza maisha ya meno:

– Hamisha gia pedali zikiwa zinazunguka, lakini punguza nguvu ya mguu kwa nukta moja.
– Shusha gia kabla ya kuanza kupanda, si ukiwa umeshakwama katikati huku umesimama juu ya pedali.
– Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako kila kona unasimama kupisha watu na mikokoteni, shusha gia ya nyuma kabla hujasimama. Kuondoka na gia nzito kunaipiga cheni na meno.
– Usitumie sproketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa kabisa ya nyuma, wala ndogo kwa ndogo. Cheni inakaa mshazari na inayasugua meno ubavuni.

Maji ya bahari na mchanga

Pwani ya mashariki, maji yakipwa, ufuo unageuka barabara. Watu wanapita na baiskeli kwenda kwenye mwani au kwa ajili ya njia ya mkato. Hakuna kinachoila cheni kwa haraka kama safari hizo, kwa sababu chumvi na mchanga wa matumbawe vinaingia pamoja. Chumvi inaleta kutu, na mchanga unafanya kazi ya msasa.

Kama lazima upite, fanya haya siku hiyo hiyo: mwagia maji baridi ya bomba au kisima kwenye cheni na sproketi, futa kwa kitambaa, iache ikauke, kisha tia tone la mafuta ya cherehani au mafuta ya cheni kwenye kila pini. Subiri kidogo, halafu futa mafuta yote ya nje. Mafuta yanatakiwa ndani ya cheni. Yanayobaki nje yanakamata mchanga.

Grisi nzito juu ya cheni ni kosa, kwa sababu ikichanganyika na mchanga inakuwa kama dawa ya kusagia. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ina vumbi la chuma ndani yake. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata. Mafuta ya taa yanafaa kwa kusafishia tu, mbali na moto na mbali na kisima. Baada yake lazima utie mafuta ya kulainisha.

Pima kwa rula ya skuli

Huhitaji kifaa cha fundi. Chukua rula yenye inchi. Cheni ikiwa imekazwa, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele.

– Pini ya 24 ikiangukia inchi 12 kamili, cheni ni nzima.
– Ikipita kwa sehemu 1 kati ya 16 za inchi (milimita 1.6), badilisha cheni sasa. Sproketi bado zinaweza kuokolewa.
– Ikipita kwa sehemu 1 kati ya 8 za inchi (milimita 3.2), jiandae kununua na friwili, na huenda na sproketi ya mbele.

Kama huna rula, shika cheni pale mbele kabisa ya sproketi uivute kama unayeitoa. Ikinyanyuka hadi jino zima likaonekana chini yake, kuna kilichochakaa: cheni, sproketi au vyote viwili.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefunga cheni mpya, inaruka. Tatizo ni sproketi ya mbele?
Mara nyingi ni ya nyuma. Zile ndogo za nyuma zina meno machache na huisha kwanza. Sproketi ya mbele iliyochakaa huwa na dalili nyingine: inaikatalia cheni kuachia upande wa chini, inaizungusha hadi inabana kwenye fremu.

Cheni ya Phoenix inafaa kwenye baiskeli ya gia?
Hapana. Ya Phoenix ni pana, imetengenezwa kwa jino la sehemu 1 kati ya 8 za inchi. Ya gia ni nyembamba. Ile pana inagusa sproketi za jirani, na ile nyembamba haiingii kwenye jino nene. Dukani taja idadi ya gia za nyuma: "Nipatie cheni ya gia saba." Muuzaji atakuelewa.

Naweza kuondoa sproketi mbili nikabaki na moja mbele?
Unaweza, na kwa Unguja inafaa. Hata baiskeli za mashindano ya milimani zimefuata njia hiyo: mwaka 2012 kampuni ya SRAM ya Marekani ilitoa mtambo wa XX1 wenye sproketi moja tu mbele, ambayo meno yake ni moja nene, moja jembamba, ili cheni isichomoke. Kama yako ina meno ya kawaida, usikitoe kile kidude kinachosukuma cheni huku na huku. Kiache juu ya sproketi uliyobakisha ili kiizuie cheni kwenye mashimo.

Sproketi iliyolala meno inaweza kugeuzwa?
Ya bolti, isiyo na vijipini na yenye meno yaliyo sawa pande zote mbili, inaweza kugeuzwa ili upande usiolika ufanye kazi. Yenye vijipini usiigeuze.

Unaponunua baiskeli iliyotumika

Usitazame rangi kwanza. Tazama sproketi iliyotumika zaidi, ambayo mara nyingi ni ya kati, na ilinganishe na ya jirani yake. Zungusha pedali kinyumenyume ukiangalia kutoka juu: sproketi ikiyumba kushoto na kulia, imepinda, na cheni itachomoka. Vuta cheni kama tulivyoeleza. Kisha panda, weka gia ya kati, kanyaga kwa nguvu huku umeshika breki kidogo. Cheni ikiruka, ondoa gharama ya cheni na friwili kwenye bei kabla hamjapatana.

Mwisho, tazama kinga. Kanzu, kanga, buibui na suruali pana hunaswa kati ya cheni na meno, na anayenaswa huanguka barabarani bila kutarajia. Kama baiskeli inapandwa na watoto au kina mama, tafuta yenye bamba la kufunika sproketi, au mwambie fundi alifunge.